Cheti Kigumu cha Mama Karanga

Mnunuzi wa maduka makubwa aliishika chupa ya siagi ya karanga kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake. Akaigeuza, akasoma lebo, akairudisha mezani.

"Tamu ni tamu," alisema. "Hata mke wangu huinunua sokoni. Lakini bila cheti cha usalama wa chakula haipandi kwenye rafu zangu. Na nikushauri kitu, mama: usijisumbue. Vyeti hivi ni vya wenye viwanda. Wewe baki na soko lako."

Mama Karanga, maana mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo tu, hakuwa mtu wa maneno mengi. Ila lile neno "baki" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Alizirudisha chupa zake kapuni moja moja, akasimama.

"Sawa. Nitarudi nikiwa nacho."

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake akichambua karanga kwenye ungo, na shemeji yake, mdogo wa mumewe, akizitafuna zile zilizochambuliwa. Mume mwenyewe alikuwa mbali kikazi. Aliwasimulia yote. Shemeji alicheka mpaka akapaliwa.

"Shemeji, na wewe! Kitu chenyewe kidogo hivyo? Nina jamaa yangu anavitoa. Unajaza fomu, wiki moja tu unacho mkononi, na mhuri wa dhahabu juu."

"Anakuja nani kukagua?"

"Haji mtu! Hapo ndipo penye raha yake."

"Kwa hiyo jamaa yako ataapa kwamba karanga zangu ni salama, na hajaziona hata ndotoni?"

"Cheti ni cheti, shemeji."

"Na kinyago ni uso?"

Kesho yake alikwenda ofisi ya viwango. Karani alimweleza kwamba ziko njia mbili za halali. Ya kwanza ni cheti cha wajasiriamali wadogo: mkaguzi anapita mara moja, anatazama usafi, basi. Ya pili ni cheti kamili: wanakagua kuanzia gunia linapoingia mpaka chupa inapotoka, wanapima maabara, na kila mwaka wanarudi.

"Hicho kidogo kinakutosha," karani alisema.

Mama Karanga alishawahi kuambiwa hivyo, kwa maneno mengine, jana tu. "Nipe fomu za kile kikubwa."

Mama mkwe ndiye aliyeumia. Biashara ilikuwa yake kwanza. Aliianza na kinu cha mkono, akamrithisha mkwewe. "Mwanangu, miaka thelathini nasaga karanga. Nimemuua nani?"

"Hakuna, mama. Mimi nalijua hilo. Nataka na wao walijue."

Ikawa miezi minane ya vumbi na saruji. Chumba cha kusagia kilikatwa ukuta katikati ili karanga mbichi zisikutane na zilizokaangwa. Magunia yalipandishwa juu ya vichanja, mbali na sakafu. Madirisha yakavikwa wavu. Bangili za mama mkwe, ambazo hazikuwahi kutoka mkononi tangu harusi yake, zilivuliwa kwa sabuni na malalamiko. Na kila kitu kikaandikwa daftarini: gunia limetoka kwa nani, limekaangwa lini, limeingia chupa zipi. Shemeji akawa anapita dirishani akiuliza kama na usingizi wao unaandikwa.

Mwezi wa saba maabara ilileta jibu. Mkupuo wa kumi na nne, yaani karanga zilizosagwa pamoja kwa mara ya kumi na nne, ulikuwa na sumukuvu kupita kiwango.

Mama Karanga aliisoma ile karatasi mara tatu. Sumukuvu ni sumu ya ukungu. Haionekani, haina harufu, na moto wa kukaangia hauimalizi. Humla mtu ini polepole, miaka kwa miaka, bila yeye kujua. Chupa hamsini na sita za mkupuo ule zilikuwa stoo. Arobaini zilishapelekwa sokoni.

"Nyamaza tu," shemeji alisema, safari hii bila kucheka. "Nani anajua?"

"Mimi najua."

"Utajipaka matope kwa mkono wako mwenyewe!"

"Bora matope kuliko sumu."

Alibeba makreti, akaenda sokoni, kibanda kwa kibanda, akisoma namba za chupa na kuzitoa. Haikuchukua muda muuzaji mmoja akapaza sauti: "Jamani, njooni! Leo Mama Karanga mwenyewe kakiri anatulisha sumu!"

Watu walijaa. Mama Karanga akaweka kreti chini.

"Ndiyo," alijibu kwa sauti ambayo hakujua kama anayo. "Mkupuo huu una kasoro. Nimeupimisha mwenyewe, nimeufuata mwenyewe, na aliyenunua nitambadilishia. Haya, na wewe unayenicheka: hizo ulizopanga hapo, zimepimwa lini?"

Yule muuzaji akatazama chupa zake, akatazama watu, akaanza kupanga upya kitu kilichokuwa kimeshapangwa.

Zilirudi chupa thelathini na saba. Tatu zilikuwa zimenunuliwa, na aliulizia siku nne bila kuwapata wenyewe. Akaandika daftarini: *tatu, hazikupatikana.* Chupa zote tisini na tatu aliziharibu mbele ya afisa wa afya.

Daftari lilionyesha magunia yalikotoka: kwa mkulima mmoja, shoga yake mama mkwe wa tangu usichana. Mama Karanga alikuwa bado anatafuta namna ya kulisema hilo, kumbe mama mkwe ameshasoma ukurasa na kutoka. Alirudi jioni, macho mekundu.

"Alikuwa anazilowesha maji ili zibanguke upesi," alisema. "Amelia, nami nimelia. Halafu nimemwambia: abangue kavu, au asilete."

Mkaguzi alikuja mwezi uliofuata, mwanamke mfupi mwenye tochi yake mwenyewe, akakaa siku mbili. Alilala kifudifudi kumulika chini ya mashine. Alimuuliza mama mkwe jinsi ya kuijua karanga mbaya, akapewa somo la saa nzima. Kisha akafungua daftari, akaweka kidole penye mkupuo wa kumi na nne.

"Hizi tatu umeandika hazikupatikana. Wengine wangeandika zote arobaini zimerudi."

"Hazikurudi," Mama Karanga alisema.

Mkaguzi akafunua ukurasa mwingine. Mwisho aliacha dosari mbili: upenyo chini ya mlango ambao panya angepita, na kipimajoto kisichohakikiwa. Walipewa mwezi mmoja kurekebisha. Walimaliza kwa siku tisa.

Cheti kilipotoka, Mama Karanga alirudi kwa mnunuzi. Safari hii alikaribishwa chai.

"Hongera! Tutachukua chupa mia nne kwa mwezi. Ila kuna jambo dogo tu: tutabandika lebo yetu. Jina letu linauza."

"Jina lenu halikukaguliwa," alisema. "Aliyesimama sokoni akazomewa ni mimi. Chupa itatoka na jina langu."

"Basi hatutaweza, mama. Fikiria vizuri. Mia nne kwa mwezi!"

Alifikiria. Mia nne hazikuwa mchezo. Kisha akaiacha chai yake na kutoka.

Mama mkwe alikuwa anamngoja nje kwenye benchi, amekumbatia boksi la sampuli.

"Amekubali?"

"Karanga amezikubali. Sisi ametukataa."

Mama mkwe alisonya, akatupa macho ng'ambo ya barabara, kwenye duka kubwa la mshindani wa yule mnunuzi. "Kwani lile limefungwa?"

Wakavuka. Mnunuzi wa pale alikuwa kijana mwenye haraka. Alionja kwa kijiko, akaonja tena, na kabla hajamaliza kuuliza kama wana cheti, mama mkwe alikuwa ameshakitandaza mezani na kukisugua kwa kiganja kisijikunje.

"Soma taratibu, mwanangu," alimwambia. "Hatuna haraka."