Ulimi wa Naibu

Kabla ya kila mkutano wa Jumatatu, naibu mkuu wa uzalishaji alipita kwenye sufuria kubwa za kiwanda na kulamba sabuni. Hivyo ndivyo wapika sabuni wanavyopima: unachota kidogo, unaacha kipoe, unakigusa kwa ncha ya ulimi. Kikikuchoma, magadi bado ni makali na mnunuzi atababuka mikono. Kisipokuchoma, sabuni ikatwe na kufungwa. Kiwandani wote walimwita Naibu, na ulimi wa mwanamke huyo ulikuwa haujawahi kukosea.

Jumatatu hiyo sabuni ilichoma. Naibu alipanda chumba cha mikutano, akasubiri zamu yake, akafungua kinywa.

"Mzigo wa leo usifungwe," ilisema sauti yake. "Urudi motoni mpaka jioni."

Sauti ilitoka kinywani mwa Mpwa, kiti cha pili kutoka kwake, na makombo ya biskuti yakaruka nayo mezani. Mpwa alikuwa mpwa wa Mkurugenzi, kijana wa masoko, mweupe kama ukoo wote ulioanzisha kiwanda. Hakuwa mtu mbaya. Sabuni aliijua ya kuogea tu, na hata hiyo si kila siku.

"Safi sana, mjomba wako najivunia," alisema Mkurugenzi.

Mpwa alishukuru, akaendelea kutafuna. Naibu alibaki na ladha ya magadi mdomoni.

Mambo yalikuwa hivyo tangu aajiriwe, na watu walikuwa wameyazoea kama wanavyozoea bomba linalovuja. Kazini, maneno yake yaliingia kinywa cha mwanamume aliye karibu, na palipokuwa na mweupe yaliwaruka wengine wote yakaenda kwake. Mpika sabuni, mwanamume lakini mweusi kama Naibu, alikuwa na nusu ya maradhi hayo: maneno yake yalihama mbele ya weupe tu. Wakiwa wawili peke yao kando ya sufuria, Naibu alifungua kinywa na mpika sabuni akatamka, kisha akaomba radhi.

"Samahani dada, hayo yalikuwa yako."

Nyumbani sauti ya Naibu ilikaa mahali pake, na mumewe angeweza kula kiapo kuhusu hilo.

Kisha mkuu wa uzalishaji akastaafu. Naibu aliitaka nafasi ile, tena aliitaka kwa moyo wote, bila kuzungukazunguka. Kila mkuu alipougua au kwenda likizo, ni yeye aliyekaimu, na mkuu aliporudi alikuta sabuni imekuwa nzuri kuliko alivyoiacha. Lakini Mpwa alikuwa ameshaanza kuulizia kama ofisi ile inapata jua la asubuhi.

Naibu alilalamika kwa maandishi, kwa kuwa kalamu ilikuwa bado inamtii, akisema kiwandani kuna ubaguzi wa rangi na wa jinsia. Mkurugenzi, aliyejihesabu mtu wa haki, alimleta Mtaalamu aje kuchunguza.

Mtaalamu alipima mwangwi wa chumba cha mikutano kwa kupiga makofi kila pembe. Baadaye alimwita Naibu, akafunga mlango, akamuuliza kwa upole kama anabaguliwa.

"Ndiyo," alijibu Naibu. "Nabaguliwa kila siku, na nimechoka."

Jibu lilitoka kinywani mwa Mtaalamu, ambaye naye alikuwa mwanamume mweupe. Mtaalamu alijisikia akisema, akaingiwa na huzuni, akatafuta leso. Alikwenda moja kwa moja kumweleza Mkurugenzi kwamba yeye, Mtaalamu, anabaguliwa kila siku na amechoka. Malipo yake yakaongezwa mara mbili. Kuhusu Naibu alisema hakupata ushahidi: katika uchunguzi wote mama huyo hakusikika akitamka neno.

"Wengine hawapendi uongozi," alimalizia. "Ni hiari yao, tuiheshimu."

Jioni Naibu alimsimulia shangazi yake, aliyekuwa akipiga pasi.

"Maji hufuata mkondo, mwanangu," alisema shangazi. "Basi uzibe huo mkondo! Waambie usaili wako wa nafasi ile ufanywe na wanawake watupu. Mwanamume asikanyage humo, hata wa kuleta chai. Tuone hayo maneno yatakimbilia wapi."

"Na wakikataa?"

"Watakataaje, na wamekwishajisifu kwamba ni watu wa haki?"

Kweli, hawakukataa. Waliketi mke wa Mkurugenzi, wifi yake, na mhasibu wa familia, ambao kwa kuwa ni wa ukoo sauti zao zilikaa vinywani mwao, angalau saa za kazi. Mlango ulifungwa kwa ufunguo. Mezani paliwekwa kipande cha sabuni kwenye kisahani.

Naibu alikilamba. Akapiga moyo konde, akafungua kinywa.

"Magadi yako sawa," ilisema sauti yake, "ila mafuta yamepunjwa. Itapasuka ikikauka."

Sauti ilitoka ukutani. Hapo ilining'inia picha ya Mwasisi, babu yake Mkurugenzi, marehemu wa siku nyingi, na masharubu yake ya rangi yalikuwa yakichezacheza. Wanawake watatu waligeuza viti.

"Shikamoo babu," alisema mke wa Mkurugenzi.

Naibu hakutaka kumwaibisha mzee wa watu. "Marahaba," alisema, na picha ikaitikia.

Usaili uliendelea. Naibu hakuwahi kujibu vizuri namna ile maishani mwake, na kila jibu lilitoka chini ya masharubu. Katikati ya swali la usalama kazini alinyanyuka, akaigeuza picha ielekee ukuta. Sauti ikaendelea kutoka nyuma ya fremu, ikiwa na vumbi kidogo. Wakamwomba amgeuze tena mzee awaelekee, maana kuzungumza na mtu aliyekupa mgongo si adabu.

Mwasisi alipata kazi. Mpwa hakuweka kinyongo.

"Babu ananizidi uzoefu," alisema.

Naibu alifanywa msaidizi wake: kumbeba mpaka kwenye sufuria, kumbeba mpaka mikutanoni, na kulamba sabuni kwa niaba yake, kwa sababu mchoraji hakumchora ulimi. Ofisi yenye jua la asubuhi ilipewa picha. Naibu alilia chooni, akanawa uso kwa sabuni aliyoipima mwenyewe, akatoka akiwa na hasira na wazo.

Jumatatu iliyofuata aliipakata picha mkutanoni, mbele ya wote. Liwalo na liwe.

"Mimi nilikufa zamani," ilisema picha. "Sijui magadi wala mafuta. Kazi yote anaifanya huyu mwanamke aliyenipakata. Nafasi hii ni yake. Mpeni, na mshahara wake, leo hii."

Mpwa aliacha kutafuna. Mkurugenzi alisimama, machozi yakimlengalenga, na Naibu akaanza kutumaini.

"Mmesikia?" alisema Mkurugenzi. "Mtu mkubwa kama huyu, na bado anamkumbuka msaidizi wake! Unyenyekevu gani huu? Ndiyo maana sisi hatutamfikia."

Walipiga makofi wamesimama. Kwa kauli moja wakampa Mwasisi fremu mpya ya mbao ngumu, yenye nakshi za dhahabu pande zote.

Fremu ilikuwa nzito mno kwa mtu mmoja, hivyo mpika sabuni aliitwa ashike upande wa pili. Wakaiinua, wakatoka nayo kwenye ukumbi mrefu wa ofisi.

"Umeshika vizuri, kaka?" aliuliza Naibu, na picha ikauliza.

"Nimeshika, dada. Twende taratibu," alijibu mpika sabuni, na picha ikajibu.

Makarani walijibana ukutani kuipisha.

"Mwoneni mzee," walinong'onezana. "Kila kitu anafanya mwenyewe."