Surua ya Mwandawiro

Mkamburi aliitambua surua kabla nesi hajaitaja. Macho mekundu, mafua, kikohozi kikavu, homa, na sasa vipele vilivyoanzia nyuma ya masikio ya mjukuu wake Shantel vikishuka shingoni. Nani angemfundisha surua, yeye aliyezika?

Loise, mkaza mwanawe, aliporudi na mtoto kutoka zahanati, alitoka tena mara moja kununua dawa ya homa. Huku nyuma Mkamburi akafunga madirisha na kumrundikia mtoto mablanketi matatu. Ilikuwa saa saba mchana, Voi inachemka. Lakini kwao Mbololo walijua hivyo: surua hutolewa kwa joto, na mgonjwa haguswi na maji. Ndivyo alivyomuuguza kitinda mimba wake, Mwandawiro, miaka thelathini iliyopita.

Mwandawiro hakupona. Na leo Mkamburi alimsikia akihema chini ya mablanketi hayo, pumzi fupi fupi, hata pale Shantel alipotulia. Aliinua pembe ya blanketi kutazama. Alikuwa Shantel tu.

Loise aliingia, akayavuta mablanketi yote chini.

"Mama, jamani! Nesi amesema avae nguo nyepesi, tumpanguse na maji ya vuguvugu, anywe kila saa. Akianza kuhema kwa shida tumrudishe mbio."

"Maji yatairudisha surua ndani. Utamuua."

"Hili joto ndilo litamuua, Mama."

Mkamburi alibaki mlangoni, akitazama kitambaa kikipita kifuani mwa mtoto, na kikombe kikijazwa tena na tena. Alimwomba Mungu amponye Shantel. Lakini ndani ya dua hiyo kulikuwa na nyingine, na aliionea haya: maji yasisaidie. Yakisaidia, basi Mwandawiro hakuuawa na surua.

Yalisaidia. Homa ilianza kushuka siku ya tatu. Siku ya tano Shantel aliketi kitandani akadai uji, tena wenye sukari nyingi, akanuna alipoambiwa angoje. Loise akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akamwona mama mkwe wake sakafuni, leso usoni, mabega yakitikisika.

"Mama, unalia nini na mtoto amepona?"

"Aliniomba maji, Loise. Siku tatu, mpaka sauti ikakauka. Nikamwambia nyamaza, mama anakuponya."