Pumzi ya Kuvukia Daraja

Mwanga wa tochi uliingia jicho la kulia la Semei, ukakaa, ukahamia la kushoto. Aliuona vizuri kabisa, hata vumbi la kioo chake. Hakuweza kupepesa. Daktari alipotoa kidole kilichokuwa kimeinua kope, zilishuka kama mlango wa duka linalofungwa, na giza likarudi.

Daktari akasema maneno machache kwa Kiingereza. Sista Chepkoech, Mkenya aliyekuwa zamu, akamgeukia mke wa Semei.

"Mama Lillian, pole. Daktari anasema mboni hazisinyai. Ubongo umekufa. Huyu anapumua kwa mikono yenu tu."

"Si kweli, ninakusikia," Semei alisema, lakini alisema moyoni, maana ulimi haukuwa wake tena.

Juzi, katika stoo yake ya unga pale soko la Jebel, aliinua gunia na swila akamuuma mkononi. Sumu ilifunga kope kwanza, kisha ulimi, kisha miguu, mwisho kifua. Masikio na akili havikuguswa. Dawa ya sumu ilipatikana chupa moja tu, katika duka la dawa la Malakia, nayo akapewa. Lakini sumu iliyofunga kope ndiyo iliyogandisha na mboni, na daktari wa mkataba, aliyezoea majeruhi wa ajali, akazisoma kama mboni za mtu aliyepasuka kichwa.

Mpira ulikuwa umepita mdomoni hadi kooni, na mwisho wake mfuko wa kubonyeza kwa mkono, ambao manesi huuita ambu. Mtu akibonyeza, Semei anaishi. Akiacha, basi. Mashine mbili za kufanya kazi hiyo zilikuwa chumba cha pili, zimefunikwa nailoni. Chepkoech aliomba ufunguo mara mbili. Ofisi ikajibu kwamba hazijakabidhiwa. Zinamsubiri mheshimiwa aje akate utepe. Mheshimiwa alikuwa Khartoum kwenye kikao, kisha Nairobi kwenye kikao. Amani kati ya Khartoum na kusini ilikuwa na mwaka wa tatu, na tangu isainiwe kazi yake kubwa ilikuwa vikao.

Kwa hiyo watu wa soko walibonyeza kwa zamu. Linus, dereva Mkenya, alibonyeza haraka kama anajaza upepo tairi, na Semei akahisi kifua kinataka kupasuka. Kevina, mkewe, alibonyeza polepole huku akimgombeza: "Nilikwambia ile stoo ifagiwe, Baba Lillian. Nilisema, ukacheka." Koo lilimwaka. Mgongo ulimwaka. Hakuna aliyemtuliza kwa dawa, kwa sababu maiti haiumwi.

"Mnaweza kuacha," Chepkoech alisema kwa sauti ya chini. "Mkiwa tayari."

Semei akasubiri mkono wa mkewe usimame.

"Ngoja, shemeji, usiache," akasema Norman, mdogo wake. "Hii kitu tuifikirie. Maiti kwa hii barabara ni taabu. Pale daraja wanataka karatasi, Nimule mpakani wanataka karatasi ingine. Lakini mgonjwa napita tu. Tumbebe sasa, akiwa bado iko na joto. Tunabonyeza mpaka nyumbani Uganda. Kule ndio tunaacha."

"Unataka nimtumie mume wangu kudanganya watu?"

"Yeye hana habari, shemeji."

Linus akaguna. "Mimi nitaendesha, lakini kwa barabara hii hata aliye mzima hufika akiwa nusu."

Walizungumza juu ya kifua chake kama juu ya meza. Semei alitaka kumtukana Norman, tena matusi ya kijijini kabisa, lakini uongo huo ndio uliobakiza mkono kwenye mfuko. Hakuwahi kupenda uongo kiasi hicho.

Wakamlaza nyuma ya landkruza, juu ya magunia matupu ya unga wake mwenyewe. Kila shimo liligongesha mpira kooni. Mkono wa Kevina ulichoka, Norman akapokea. Mkono wa Norman ukasahau, kwa sababu alikuwa akibishana na Linus kuhusu njia, na Semei akazama katika kiu ya hewa mpaka Kevina akampigia kelele.

"Si amekufa, shemeji? Kwa nini wewe napiga kelele?"

"Bonyeza au nipe."

Katika kizuizi cha daraja la Nile, askari alifungua mlango wa nyuma. Alitazama kwa muda.

"Ya zol, bwana wewe, huyu ni mayit. Mayit bila karatasi haivuki."

"Mgonjwa tu, afande," Norman akasema. "Ona, yeye napumua."

"Nyinyi napumua. Yeye hapana. Mama, toa mkono."

"Afande, tafadhali."

"Toa."

Kevina akatoa mkono. Joto na moshi wa malori vikaingia garini. Semei akavuta. Hakikuja kitu. Akavuta tena, kwa mbavu, kwa shingo, kwa hasira ya siku zote mbili, kama mtu anayesukuma ukuta kwa bega. Na mahali fulani chini ya mbavu kamba moja ikalegea. Hewa ikapenya, nyembamba mno, na kilimi cha mpira ndani ya mfuko, kinachofunguka hewa ikipita, kikalia: tik.

Askari akainamisha sikio. Tik.

"Hai," akasema bila kushangaa, akaashiria kamba ya kizuizi ishushwe. "Pita."

Norman alifunga mlango akicheka chinichini. "Shemeji, umewapiga chenga vizuri. Ulibonyeza na nini, goti?"

Mikono yote miwili ya Kevina ilikuwa mapajani, na alikuwa akiitazama. Tik, mfuko ukasema. Linus akatia gia.

"Usivuke," Kevina akasema.

"Kamba imeshuka, mama. Tukigeuza, hatupiti tena."

"Nimesema usivuke. Geuza gari, turudi hospitali."

"Daktari alisema amekufa," Norman akasema.

"Basi na aje amwambie yeye mwenyewe."

Nyuma yao malori yalianza kupiga honi. Kevina akaushika mfuko, lakini hakubonyeza. Alingoja. Semei, gizani, akajua anangojewa, akakusanya alichokuwa nacho, akavuta. Na mkono wa mkewe ukashuka papo hapo juu ya pumzi yake, ukaisukuma mpaka chini kifuani.