Nyumba Isiyo na Milango

Kwenye ukumbi wa kuingilia wa shule ya usanifu majengo ya chuo kulikuwa na ubao wa vioo ulioandikwa kwa herufi kubwa: HABARI NA MAFANIKIO. Habari hazikukosekana. Mafanikio ndiyo yalikuwa ya kuungaunga. Muhula uliopita ilibandikwa picha ya mwanafunzi aliyeshika nafasi ya tatu katika shindano la kuchora kituo cha basi, na hakuna aliyeona haja ya kueleza kwamba washindani walikuwa watatu. Kabla yake ilikuwa picha ya Mkuu wa Shule akipokea mashine mpya ya kuchapia ramani, ameikumbatia kama bwana harusi. Mashine ilikufa kabla picha haijafifia.

Kwa hiyo nyumba ya Mwalimu Zege ilipoingia fainali ya tuzo ya wasanifu, Mkuu alibandua kila kitu ubaoni na kuiweka nyumba hiyo peke yake, katikati, na maneno "FAHARI YETU" chini yake. Mtu asiyejua angedhani tuzo imeshapatikana na sherehe imeshaliwa.

Zege ni jina alilopewa na wanafunzi, kwa sababu hakuwahi kuona ukuta uliopakwa rangi asisikitike. Nyumba hiyo aliijenga kwa ajili ya shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu akiwa binti mchanga wa kubebwa mgongoni. Ilikuwa nyumba nzuri, tusimnyime haki yake. Kuta za zege tupu, mwanga unaoshuka kutoka juu, korido inayopinda polepole mpaka mtu anasahau alikuwa anaenda wapi. Ila haikuwa na mlango hata mmoja ndani. Wa kuingilia ulikuwepo, maana hata msomi anaogopa wezi. Lakini ukishaingia, basi. Chumbani hakuna, jikoni hakuna, chooni hakuna. "Mlango ni woga uliotiwa bawaba," Zege aliandika kwenye bango lake la maonyesho, na sentensi hiyo ikanukuliwa na watu ambao kwao hujifungia hata wakikata kucha.

Mkuu alimwita ofisini. "Ukileta tuzo, nakuombea ajira ya kudumu na hakuna wa kubisha. Usipoileta, mkataba wako unaisha muhula huu, na mimi mikono yangu imefungwa." Mikono yenyewe ilikuwa ikimenya chungwa.

Majaji walikuwa waje kuiona nyumba Jumamosi. Alhamisi Zege akaenda kuhakikisha kila kitu kiko kama kwenye picha.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko chuoni mnakula hizo ramani?"

Zege alikuwa anaitazama korido, na macho yalimtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango, kwa sababu milango sasa ilikuwepo. Chumba cha Shangazi kilikuwa na mlango wa rangi ya samawati. Jikoni palikuwa na mlango wa wavu. Na chooni, mwisho kabisa wa ule mpindo uliosifiwa na magazeti, ulisimama mlango mweupe uliookotwa kwenye zahanati iliyobomolewa, bado una maandishi mekundu: CHUMBA CHA SINDANO.

"Shangazi, nini hiki?"

"Mlango."

"Naona ni mlango. Umefuata nini hapa?"

"Umekuja kunisitiri. Siku moja alikuja shemeji yangu mkubwa kunijulia hali. Mimi niko chooni. Yeye akaketi sebuleni, tukasalimiana. Tukaongea, mwanangu, unanielewa? Mimi niko kule na shughuli zangu, yeye yuko huku ananiuliza habari za mgongo. Mzee wa watu, na heshima zake! Mpaka leo hajarudi."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Hakuuliza. Tangu mpiga picha alipomaliza kazi yake, Zege alikuwa akija, anakunywa chai sebuleni, anautazama mwanga wake unavyotambaa ukutani, anaaga. Ndani hakuwa akifika. Sasa aliona aibu, lakini ni aibu ya kusema "nitaifikiria baadaye," na maji yalikuwa shingoni. Akaeleza habari ya majaji, tuzo na mkataba.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. "Kama ni kazi yako," alisema, "ing'olewe."

Fundi akaitwa. Huku yeye akifungua bawaba na kuihamishia milango uani kwa jirani, Zege alishughulika sebuleni kama mtu anayefukuza mashetani. Mapazia, nje. Maua ya plastiki, nje. Kabati lililoziba mwanya wa mwanga, nje, na humo ndani mlikuwa na vikombe vyote ambavyo Shangazi aliwahi kuvipenda. Kuta zikabaki tupu na tukufu. Zege akarudi nyuma, akafinya macho, akaona bado kuna kitu kimezidi.

"Na wewe pia, Shangazi."

"Na mimi nini?"

"Jumamosi ukae kwa jirani. Watakuuliza maswali, na mdomo wako naujua."

Shangazi alifuta mikono kwenye kanga yake. "Sawa," akasema, akaenda kutafuta viatu vyake vya kutokea. Kuna watu wakikuambia sawa unashusha pumzi. Shangazi akisema sawa namna ile, ujue kuna kitu kimevunjika. Zege alisikia kilivyovunjika, akajifanya kiziwi.

Jumamosi majaji walifika wakiwa watatu. Mmoja alikuwa na miwani myembamba na kila alichoonyeshwa alijibu "mm." Wa pili alipiga picha pembe za kuta tu, hakuna kingine alichokiona duniani. Mwenyekiti wao alikuwa mwanamke wa miraba minne, mkongwe wa fani, ambaye inasemekana aliwahi kumwambia mkandarasi abomoe ghorofa nzima kwa sababu ngazi ilimkera, na ikabomolewa. Mkuu wa Shule naye alikuja na kamera, amevaa suti ya siku za mahafali, anacheka kabla ya utani.

Zege akaanza maelezo yake. Alisema kuhusu mwanga. Alisema kuhusu pumzi ya nyumba. Alipofika kwenye woga uliotiwa bawaba, Mama Mwenyekiti alinyanyua mkono.

"Mwanangu, tumetoka asubuhi, na njiani nimekunywa chai nyingi. Choo kiko wapi?"

Zege akamwonyesha. Mama Mwenyekiti akapotelea kwenye mpindo. Baada ya muda mfupi akarudi, uso umekunjamana.

"Mlango uko wapi?"

"Hakuna mlango, Mama. Korido yenyewe inapinda, kwa hiyo faragha inapatikana kwa mwendo."

"Mwendo ninao. Faragha sina."

"Sisi tutatoka nje," alisema Mkuu haraka.

"Choo kina dirisha la kutoka sakafuni hadi darini. Mtakuwa mnanitazama mkiwa bustanini."

"Tutasimama upande wa barabarani, tutageuka."

"Na masikio yenu nayo yatageuka? Nyumba hii inavuma. Nimekohoa kule, nikajijibu mwenyewe."

Mkuu, ambaye hakuna janga aliloshindwa kulizidisha, akapendekeza wanaume wasimame nje waimbe wimbo wa chuo kwa sauti. Akaanza ubeti wa kwanza. Mwenye miwani akasema "mm." Mama Mwenyekiti alikuwa ameanza kusimama kwa mguu mmoja, na Zege alitamani zege lote la nyumba ile limfunike yeye peke yake.

Hapo ndipo mlango ulipoingia.

Uliingia umelala ubavu, mbele ameushika Shangazi na nyuma jirani, wanahema wote wawili. Kuta za jirani hazikuwa nene, na chochote kilichosemwa ndani ya nyumba ile kilisikika mpaka kwake. "Jamani, mtu mzima haaibishwi hivi," alisema Shangazi, akawapita Mkuu na wimbo wake, akaufuata mpindo, akausimamisha mlango mahali pake. Bawaba zilikuwa zimeng'olewa, kwa hiyo akauegemea kwa mgongo, mikono ameitandaza huku na huku. CHUMBA CHA SINDANO ikasomeka juu ya kichwa chake. "Karibu, mama. Ingia kwa raha zako. Mimi hapa sisogei."

Mama Mwenyekiti aliingia mbio ambazo hazikulingana na umri wala cheo chake. Jirani akaenda zake, na wanaume wakatolewa nje hadi barabarani. Akabaki Zege kwenye korido, na shangazi yake, na mlango.

Baada ya muda sauti ikatoka upande wa pili, sasa imetulia. "Wewe unayeshika mlango ni nani?"

"Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Kumbe nyumba ina mwenyewe! Na mlango huu ni wa nani?"

Shangazi alimtazama Zege. "Wa jirani," akasema. "Hapa kwangu hatuna milango, wala sijawahi kuihitaji. Mwanangu kasoma, kajua anachokifanya. Mimi naishi humu raha mustarehe. Hata jana usiku nilikuwa najisemea, hivi watu wa milango wanaishije?"

Aliyasema vizuri, kwa sauti nene, bila kukwama. Na huyu ndiye mwanamke aliyewahi kumchapa Zege akiwa mdogo, si kwa kuvunja kikombe, bali kwa kusema kimevunjwa na paka. Katika miaka yote hiyo Zege hakuwahi kumsikia akitamka uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mgeni amependeza. Leo amesimama kwenye nyumba aliyofukuzwa, amebeba mlango kwa mgongo uleule aliombebea yeye, anadanganya kwa ajili yake. Zege aliona vibaya.

"Si kweli, Mama Mwenyekiti," alisema. "Mlango ni wake. Aliutia kwa sababu humu ndani hapakaliki bila mlango. Nimeung'oa juzi kwa ajili yenu. Na yeye mwenyewe nimemtoa."

Huko ndani maji yakavutwa, na nyumba nzima ikavuma.

"Mjinga wewe," alinong'ona Shangazi. "Nilikuwa nimeshamaliza!"

"Nimesikia yote," ilisema sauti ya ndani. "Nyumba yako haifichi siri, binti. Njoo umsaidie kushika, mlango unayumba na mimi bado sijajiweka sawa."

Zege akaenda, akaegemeza mgongo wake kando ya mgongo wa Shangazi. Wakasimama hivyo, bega kwa bega, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mama Mwenyekiti alipotoka alinawa mikono bila haraka. "Mwanga wako ni mzuri kuliko wote niliouona mwaka huu," alisema. "Tuzo sikupi."

"Kwa sababu ya mlango. Najua."

"Hujui. Mlango hutiwa siku yoyote. Umeleta watu waje kuona nyumba, ukamwondoa anayeishi humo." Akamshukuru Shangazi kwa mikono miwili, akatoka. Huko nje wimbo wa chuo ulikatika katikati ya ubeti. Mkuu alichungulia mara moja, akamwambia Zege wataonana ofisini, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuandika barua kichwani. Gari likaondoka.

Fundi alirudi mchana uleule. Zege ndiye aliyemshikia milango, mmoja mmoja, huku Shangazi akirudisha vikombe kabatini na kulalamika kwamba vimepangwa na mtu asiyekunywa chai. Wa samawati ukarudi mahali pake, wa wavu ukarudi, wa sindano ukarudi. Fundi akaingiza mwingine, wa mbao safi, umepigwa vanishi, kitasa kipya na ufunguo unaning'inia.

"Huu nao ulitoka wapi?" aliuliza Zege.

"Juzi niliung'oa chumba cha mwisho, mkono wa kushoto," alisema fundi.

"Huko analala nani?"

"Ni chako," alisema Shangazi bila kugeuka, kikombe mkononi. "Nilijua iko siku utarudi na mambo yako, na hutataka nikusikie ukilia."

Fundi akakaza skrubu ya mwisho, akaujaribu mlango, ukaenda na kurudi bila kelele. Zege akaingia, akafunga kwa ufunguo, akakaa kitandani na kulia mpaka akatosheka.