Aliyeachwa Darajani

"Na darajani, je? Darajani ulimwambia?"

Intha alikuwa ameinamia ndoo ya maji mlangoni, ananawa uso. Mama mkwe wake, kibibi mwembamba mwenye ulimi mkali kuliko miaka yake, akasogea hadi miguu yake ikalowa.

"Nakuuliza wewe, Intha. Daraja la mto Sa."

Ndani, jeneza la Khamnoi, mke wa Intha, lilikuwa limeshawekwa ukumbini na majirani walikuwa wanatunga maua. Alifariki alfajiri katika hospitali ya mjini Nan, na Intha mwenyewe ndiye aliyemleta nyumbani, hapa Na Noi, kwa pikapu yake. Kwetu maiti hasafirishwi kimyakimya. Anayemsindikiza huwasha udi akamwambia kila kona, kila njia panda, na hasa kila daraja, kwa sababu roho haivuki maji bila kualikwa. Usiposema, mwili unafika na mwenyewe anabaki ng'ambo, hajui aelekee wapi.

"Kona zote nilimwambia," Intha akasema. "Soko la Wiang Sa nilimwambia. Njia panda nilimwambia."

"Daraja."

"Simu ililia, mama."

Ilikuwa simu ya mteja wa Bangkok, anataka kujua kama Jumamosi kutakuwa na ukungu mlimani, ule ambao wageni huja kuutazama. Intha amewapeleka watalii maisha yake yote, kwa hiyo mdomo ulijibu kabla kichwa hakijakumbuka nani amelala nyuma ya gari. Alimweleza yule mtu asimame wapi jua likichomoza, avae sweta, na akishuka asikose kupita kwenye Nguzo za Udongo. Alipokata simu mto ulikuwa umeshabaki nyuma. Aliuona kwenye kioo. Akaona haya kusimama mbele ya shemeji zake waliokaa na jeneza, akajiambia kwamba Khamnoi ataelewa. Siku zote alikuwa anaelewa.

"Watoto wa watu unawafikisha salama," kibibi akasema, "hata wale wasiojua kusema asante. Wangu mimi umemtupa barabarani."

"Bibi, basi jamani." Alikuwa Phikun, binti yao, macho yamevimba. Akamgeukia Intha. "Baba, rudi kamchukue. Watawa wanakuja jioni kusoma sala. Mama asipokuwepo watamsomea nani?"

Akampa vijiti vya udi na blauzi ya mama yake, ile ya kijani ya kwendea sokoni, roho ipate kuitambua na kuifuata.

Kusimama darajani mchana kweupe na blauzi ya mwanamke mkononi, malori yanakupulizia vumbi, si jambo dogo kwa mtu mwenye haya. Intha aliwasha udi kwa shida. Vijana wawili kwenye pikipiki wakapunguza mwendo.

"Mzee, unauzaje hiyo blauzi?"

"Namchukua mke wangu."

Kicheko kikawakauka. Aliyekaa nyuma akavua kofia yake ngumu, akakutanisha viganja kifuani, wakaondoka taratibu.

"Khamnoi," Intha akasema. "Ni mimi. Nilikuwa kwenye simu, unanijua. Twende nyumbani, mama watoto. Tunavuka mto sasa."

Akaitandaza blauzi kwenye kiti cha mbele. Akafikiri kidogo, akaifunga mkanda. Hakujua kama mtu amepanda au la, na alipokanyaga mafuta aliogopa kutazama upande ule.

"Kona ya kulia. Sasa tunapanda. Shikilia, hapa pana mashimo."

Kiti kile hakuwahi kumkalisha Khamnoi. Kilikuwa cha mteja, kwa kuwa ndicho cha kuonea mandhari yote. Khamnoi aliamka gizani kuwapikia abiria wali wa kunata, akaufunga kwenye majani ya mgomba, akawapungia mkono wakiondoka. Mara mojamoja aliuliza, "Na mimi utanipeleka lini?" Intha humjibu, "Ukungu hauhami. Wateja ndio wanaohama." Wanacheka wote wawili, habari inaishia hapo. Khamnoi alizaliwa chini ya mlima ule, akazeeka chini yake, na hakuwahi kuona kile ambacho watu walisafiri usiku kucha kuja kukiona.

"Kushoto ni njia ya Nguzo za Udongo," Intha akatangaza. "Hatupiti huko, tunakwenda moja kwa m..."

Akakanyaga breki. Jua lilikuwa bado lipo. Akakata kushoto.

Hapakuwa na mtu. Zile nguzo ndefu za udongo mwekundu zilisimama bondeni na vivuli vyao, na Intha akatembea katikati yake na blauzi begani. Kwa mazoea koo likajiandaa kusema yale yanayosemwa kila siku.

"Ile nene pale," akasema, "ni tumbo la mkuu wa wilaya siku ya sherehe."

Hapo ndipo abiria hucheka. Akangoja. Upepo ukapita, ukaangusha kokoto mahali fulani.

"Ni udongo tu, Khamnoi. Mvua inaula kila mwaka. Haikuwa mbali. Ningekuleta hata kwa baiskeli." Akaishusha blauzi begani. "Ukungu siwezi kukuonyesha. Ukungu ni wa asubuhi."

Akalia pale kwa sauti, mtu mzima, blauzi usoni, mpaka shingo ikamuuma.

Njiani kurudi hakuruka kitu, hata kalvati la mtaro. Alimtajia shule, kinu cha mpunga, duka la yule mama waliyegombana naye, mti ulioanguka mwaka ule wa mafuriko. Alipofika nyumbani watawa walikuwa wameshaketi kwenye mikeka, na watu wote wakageuza shingo. Hakuzima gari. Lilikuwa limebaki neno moja tu la kumwambia, tumefika, na Intha alijua kwamba akishalisema hatakuwa na kitu kingine cha kumwambia tena.

Phikun akatoka mbio, akaja dirishani.

"Baba, umekuja naye?"

"Nimekuja naye."

"Sasa mbona hushuki? Wanakusubiri."

"Ngoja kwanza," Intha akasema, mikono kwenye usukani. "Mwache ashuke taratibu. Unayajua magoti yake."

Phikun akamtazama baba yake, akatazama kile kiti. Akazunguka upande wa pili, akafungua mlango na kulegeza mkanda. Akaukunja mkono wake kwenye kiwiko, akautoa mbele, akangoja kama anavyongojwa mtu mzima anayetafuta ardhi kwa mguu. Kisha akaanza kwenda kuelekea ndani, hatua kwa hatua, ameinama kidogo upande mmoja, na watu mlangoni wakasogea kuwapisha.