Kitasa cha Chumba cha Uani

Bibi Mkubwa alikuwa amefungiwa ndani ya chumba cha uani, na ufunguo alikuwa nao mwenyewe, shingoni. Kitasa hakikuwa na tundu upande wa ndani. Fundi aliyekifunga kitasa hicho mlangoni miaka ishirini na tisa iliyopita ndiye aliyeitwa sasa kuja kukifungua.

Mlinzi alimpigia simu fundi saa nne asubuhi. Upepo umeubamiza mlango, alisema, ulimi wa kitasa umeingia, bibi yuko ndani, njoo na vyombo vyako. Hakutaja ni nyumba ya nani. Fundi naye hakuuliza, maana sauti ile aliijua, na mwenye sauti ile hakuwahi kulinda nyumba nyingine.

Zamani ilikuwa nyumba ya kutazamwa kwa jicho la pembeni, ghorofa mbili na ngazi ya mbao iliyong'aa kama kioo. Sasa paa la mbele lilikuwa limebonyea na mvua zilikuwa zimeingia mpaka sebuleni. Makochi yalifunikwa mashuka, na juu ya mashuka kumeota ukungu. Ukutani, picha za wazee wa ukoo zilikuwa zimevimba kwa unyevu, kila mmoja sasa ana uso wa mtu anayeumwa jino. Watoto wa Bibi Mkubwa walikuwa ng'ambo, wanapiga simu mara moja moja. Chumba kimoja tu hakikuvuja, ile stoo ya uani yenye dirisha moja la nondo, juu karibu na dari. Humo ndimo bibi alimohamishia kitanda chake na masanduku yake.

Fundi akasimama mbele ya mlango, akapitisha kidole kwenye bamba la kitasa. Skrubu nne, moja imekaa upande kidogo. Aliikumbuka. Alikuwa na miaka ishirini na mbili na mkono ulikuwa haujatulia.

Siku ile alipoagizwa afunge kitasa cha kujibana chenyewe, chenye tundu nje tu, aliuliza mtu akiwa ndani atatokaje. Bibi Mkubwa, ambaye enzi hizo hakuwa bibi bali mama wa kuogopwa mtaa mzima, alicheka. Akasema humo yatakaa magunia, na gunia halina haja ya kutoka. Fundi naye akacheka, ndivyo ilivyokuwa desturi akicheka mwenye nyumba.

Mwezi haukuisha, mkufu wa dhahabu wa mama huyo ukapotea. Aliyewekwa stoo hakuwa gunia. Alikuwa dada yake fundi, mfanyakazi wa ndani, msichana wa miaka kumi na minane. Aliingizwa Ijumaa jioni na kutolewa Jumapili mchana, ili akili imrudie aseme mkufu uko wapi. Jumamosi fundi alipita getini kumletea viatu vyake alivyokuwa amevipeleka kushonwa. Mlinzi, huyu huyu, akamwambia dada yako ametumwa mbali. Fundi akaacha viatu, akashukuru, akaenda zake. Kwenye geti la wakubwa mtu wa namna yake alikuwa hajazoea kuuliza mara mbili.

Wiki mbili baadaye mkufu ukaonekana kwenye mfuko wa koti la mwenyewe. Hakuna aliyekuja kusema pole.

Tangu hapo dada hakuweza kukaa nyuma ya mlango uliofungwa. Fundi alimchukua akakaa naye, akang'oa milango yote ya ndani ya nyumba yake, akatundika mapazia. Watu walimtania mpaka wakachoka, fundi vitasa ambaye kwake panafungwa kwa kitambaa. Alioa. Mke alivumilia mapazia miezi minne, akasema yeye hakuolewa kucheza maigizo jukwaani, akafungasha. Fundi hakumlaumu. Alimpenda, na aliukumbuka sana utani wake.

"Nani huko nje?" bibi aliuliza kutoka ndani.

"Fundi."

"Basi toboa hicho kitasa, unangoja nini? Na usinikwaruzie mbao."

Drili ya betri ilikuwa ndani ya begi lake, na kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi. Fundi akaweka begi chini na hakulifungua. Aliuliza ufunguo uko wapi, akaambiwa uko shingoni, pamoja na wenzake. Chini ya mlango palikuwa na upenyo wa unene wa kidole. Akamwambia bibi autoe ufunguo huo kwenye kishada, ausukume kwa chini, atakuwa nje sasa hivi bila kutoboa kitu.

Bibi Mkubwa akakataa katakata. Funguo zake, alisema, hazijashikwa na mtu wa kazi tangu aingie nyumba hii akiwa bibi harusi. Na mafundi anawajua. Ukimpa ufunguo dakika moja ameshaukariri, kesho kauchonga mwingine.

Mlinzi alimvuta fundi kando. Akamnong'oneza kwamba ndivyo alivyo, yeye amembembeleza toka asubuhi mpaka ulimi umekauka, bora atoboe tu yaishe. Fundi akasema atatoboa. Kisha akavuta kigoda, akakaa, akaomba chai.

"Chai?" mlinzi akasema.

"Na sukari, kama ipo."

Kwa miaka yote hiyo fundi alikuwa ameota mambo makubwa juu ya nyumba ile. Aliota moto. Aliota amesimama mbele ya watu wengi, anamnyooshea mama yule kidole naye anajikunyata. Kumbe kisasi chenyewe kilikuwa kigoda na kikombe. Kilikuwa kitamu pia, hakujidanganya. Alikaa akiutazama mlango kama mtu anayetazama sufuria yake inachemka.

Jua likapanda, bati la uani likaanza kuwaka. Bibi aliamuru, akakaripia, akamtukana mlinzi kwa majina yake yote, kisha akaanza kuomba maji. Kila mara fundi alijibu neno moja kwa adabu: "Ufunguo, bibi." Saa sita na kitu walisikia kitanda kikilalamika, kama mtu anayekipanda kulifuata dirisha. Kisha wakasikia kishindo.

Mlinzi alisimama. Fundi akanywa chai. Ilikuwa imepoa, akaomba nyingine.

Baada ya hapo sauti ya bibi ilitoka chini, karibu na sakafu, na haikuamuru tena. Ilikuwa kama ya mtu anayeimba huku amefumba mdomo. Ndipo fundi alipotoa simu akampigia dada yake. Alitaka kumpa zawadi. Alimwambia njoo kwenye nyumba ile, njoo uone nani yumo kwenye chumba chako.

Hakudhani angefika mbali kuliko geti. Lakini alikuja kwa miguu, na ndala za ndani, mikono ingali na povu la sabuni. Kwenye korido ya kwenda uani alisimama, akashika ukuta, jasho likamtoka kama amemwagiwa maji. Kisha akapiga moyo konde akapita. Alimuuliza kaka yake amekaa pale kwa muda gani.

"Saa mbili na ushei," fundi akajibu, na majivuno hayakujificha.

"Drili umeisahau?"

"Ninayo."

Dada alimtazama. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba sasa, na kwa muda wote huo hawakuwahi kuzizungumzia siku zile hata mara moja.

"Kaka, mimi humo nilikuwa nakungoja wewe," alisema. "Nilijua hiki kitasa ni kazi yako. Nilijiambia akishajua tu, dakika kumi niko nje. Siku zote zile, hilo ndilo lililonivusha. Kwamba kuna mtu anayeweza kufungua, na atafungua." Akafuta mikono kwenye gauni. "Sasa huyu mama wa watu anamngoja nani?"

Fundi akapiga goti, akafungua begi, akaishika drili, akaielekeza kwenye ile skrubu iliyokaa upande. Dada akamzuia. Alikuwa amesikia pumzi pale pale nyuma ya ubao, na mlio wa drili juu ya kichwa ungeweza kumtoa bibi roho kwa hofu. Akajilaza chini, yeye ambaye hakuweza hata kukaa kwenye choo kilichofungwa, akaweka shavu kwenye saruji na mdomo kwenye upenyo.

"Bibi, lala ubavu," akasema. "Shavu chini, sakafu hapo ina ubaridi. Hewa inaingia kwa hapa, leta pua karibu. Dirisha usilitazame, ukilitazama chumba kinapungua. Hesabu boriti za darini. Ziko kumi na saba."

Walimsikia akihesabu.

"Kumi na saba," bibi akasema. "Umejuaje?"

"Nilikaa humo."

Mlinzi aliinamisha kichwa, akaanza kuvitazama viatu vyake kama vimeletwa leo.

"Mkufu niliuona," sauti ikasema.

"Najua."

"Ulikuwa kwenye koti."

"Najua, bibi. Toa ufunguo. Kishada hakipiti, utoe huo mmoja. Taratibu, mwanangu, tupo hapa."

Neno hilo la mwisho lilimtoka tu, kumwita mwanangu mtu aliyemzidi miaka thelathini na mitano, na hakuna aliyecheka. Walisikia vyuma vikigongana, vikianguka, vikigongana tena. Kisha ufunguo ukajitokeza chini ya mlango, na nyuma yake vidole viwili vyenye mikunjo. Dada hakuuchukua upesi. Aliweka kwanza mkono wake juu ya vile vidole, vikakaa hivyo kidogo. Ndipo akampa kaka yake ufunguo.

Mlango uliufuata mkono polepole, kwa sababu bibi alikuwa ameuegemea. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umelala upande ambao mguu haulali. Dada akaingia. Fundi alimwona anakivuka kizingiti, anachuchumaa, anaushika mguu ule kwa mikono miwili usitikisike. Fundi akamwinua bibi. Alikuwa mwepesi kama droo tupu, akaegemeza kichwa begani kwa fundi bila kuuliza bega ni la nani. Fundi alitamani angekuwa mzito zaidi.

Hospitalini daktari alisema ni nyonga, na kwa umri ule nyonga haiungi. Dada akawa anakwenda kila saa ya kuona wagonjwa, anamchana nywele, anamkata kucha. Fundi alikwenda mara moja. Bibi Mkubwa alimuuliza kama aliikwaruza mbao. Akasema hapana. "Fundi mzuri," bibi akasema, akampapasa mkono. Fundi alikuwa amekuja na maneno ya kumwambia, kuhusu kigoda na drili, lakini aliondoka nayo.

Kitasa alikwenda kukifungua skrubu zote nne kesho yake, akang'oa na mlango wenyewe, akauegemeza ukutani.

Gharama ya kazi ile ni hii. Saa mbili na dakika arobaini mbele ya kazi ya dakika kumi. Vikombe viwili vya chai. Nyonga moja, ya kushoto. Wiki tisa kitandani, kisha kaburi moja, na waliosimama kandoni walikuwa watano, watatu kati yao wakiwa mlinzi, fundi na dada. Siku kumi na moja ambazo dada hakumsemesha kaka yake. Ya kumi na mbili alimwambia asogeze kiti. Na mapazia sita, ambayo bado yananing'inia.