Uso wa Maame Mbele ya Ukuta Mweupe

…hebu mtu afikirie tu, ukuta mweupe pe, mbele yake kiti, na kitini mwanamke mweusi tii aliyejifunga kitambaa cheupe, mikono magotini, shingo imenyooka, ndiye Maame, mama yangu, anangoja kupigwa picha ya bango la mazishi yake mwenyewe, na yu hai, asubuhi amekula dokono, ule unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki akalalamika kwamba pilipili haikutosha… "Mwalimu, piga basi, jua linapanda," huyo Ebo, kaka yangu, nyuma ya bega langu, ananiita mwalimu kwa dhihaka tangu nijifunze kamera, kitambaa amenunua yeye na haachi kukitaja, "iache pale kwenye A ya kijani ijipimie mwanga yenyewe, hiyo mashine ina akili kukushinda"… akili, ndiyo, akili iyo hiyo iliyomtia gizani dada yetu Araba, yule mpiga picha wa kukodi alimsimamisha mbele ya ukuta kama huu, kamera ikaona weupe mwingi, ikadhani mwanga umezidi, ikaupunguza, ukuta ukatoka vizuri, nguo ikatoka vizuri, uso wa Araba ukawa shimo lenye meno, na alipofariki, duka la kuchapa likasema hakuna shida, tutamsafisha, kumsafisha, kana kwamba ni sufuria, wakamng'arisha mpaka akawa rangi ya chai ya maziwa, wakambandika mji mzima wa Saltpond, watu wakipita wanaulizana marehemu ni nani, naye Maame akasimama mbele ya bango akasema, huyu simjui, mimi nimezika mwingine, zamu yangu ikifika msiniogeshe hivyo… "Ebo, hebu nyamaza kidogo," "Nimenyamaza, nasema tu nakshi za kitambaa zionekane"… nakshi, mtu mzima amefutwa na mimi naombwa nakshi… nageuza kigurudumu, kutoka A mpaka M, hapa hakuna wa kufikiri badala yangu tena, naiambia kamera ikawie kufumba jicho, ikawie zaidi, mshale wa kipimo unakimbilia upande wa kujumlisha, wa mwanga uliozidi, unapepesa, unaniambia umekosea, umekosea, kwake yeye dunia yote sharti iwe kijivu, na haitaki kupoteza kitu, si ukuta, si nguo, ndiyo maana huwa inampoteza mtu… basi ukuta na uungue kwa mwanga, nguo iungue, nakshi za Ebo ziende zake, nabaki na uso, na uso huo hapo ndani ya kitundu cha kuchungulia, kumbe weusi wake si mmoja, shavuni una wekundu ndani yake, chini ya macho unang'aa kama mbegu ya papai iliyolowa… na mimi niliyedhani nimejifunza haya yote ili niwakomeshe wale wa dukani, mbona siwawazi tena, mbona kidole hakibonyezi, naogopa nini, naogopa itoke sawa, maana ikitoka sawa bango liko tayari, litapungukiwa tarehe tu… "Maame, usitikisike," anasema Ebo, na mama yetu, mtiifu kuliko alivyopata kuwa, hatikisiki, hapepesi, kifua chini ya kitambaa hakipandi wala hakishuki, kama anayejaribu jinsi itakavyokuwa, na kidole changu bado kipo juu ya kitufe… "Maame," namwambia polepole, "kumbuka kupumua tu."